Msokoto wa DNA na Kuamka kwa Jeni

Mnamo tarehe 30 Mei, 1953, majuma matano baada ya kuutangazia ulimwengu umbo la DNA, James Watson na Francis Crick walirejea katika kurasa za jarida la Nature na makala ya pili, na humo, walipokwisha kueleza namna nyuzi mbili zinazokabiliana herufi kwa herufi zinavyoweza kuachana ili kila mmoja uwe kielelezo cha kuundia mwenziwe mpya, wakalitaja pia jambo moja lililokuwa likiwakera, nalo ni kwamba nyuzi hizo zimesokotana, na vitu vilivyosokotana haviachani mpaka visokotolewe. Walisema kwamba kwa wakati ule ilikuwa vigumu kuona jambo hilo litatendekaje pasipo kila kitu kutatizana, ila hawakudhani kwamba kikwazo hicho kingeshinda kila hila. Ilikuwa kauli ya kiungwana, na ilikuwa pia njia nzuri ya kuliahirisha shauri lenyewe, kwa sababu mtu akishika kalamu akahesabu, mushkeli huo haukuwa mdogo hata kidogo.

DNA hupiga mzunguko mmoja kwa kila jozi kumi za besi, ndizo zile herufi, au kumi na nusu kwa hesabu iliyosahihishwa baadaye. Na bakteria aitwaye Escherichia coli, anayekaa katika matumbo yetu sote, ana jozi 4,600,000 hivi, maana yake mizunguko ipatayo 440,000, katika uzi wenye urefu wa milimita moja na nusu uliokunjwa ndani ya seli ambayo urefu wake hauzidi sana mikrometa 2. Mizunguko hiyo yote sharti iondolewe kila kizazi, na bakteria huyo, akiwa na chakula tele na joto la kutosha, huweza kujigawa kila dakika 20. Max Delbrück, mzaliwa wa Berlin aliyeiacha fizikia akaingia katika elimu ya viumbe, na ambaye siku zile alikuwa mwalimu katika Taasisi ya Teknolojia ya California mjini Pasadena, hakuridhika na kuahirishwa kwa shauri. Mwaka 1954 akaandika kwamba huenda nyuzi hizo hukatwa hapa na pale na kuungwa tena kadiri kazi ya kunakili inavyoendelea. Kuukata uzi unaobeba urithi wote wa kiumbe, tena kuukata mara nyingi zisizo na idadi, lilionekana kuwa wazo la hatari mno, na taratibu ya kunakili aliyoichora Delbrück ilibatilishwa mwaka 1958 na jaribio mashuhuri la Matthew Meselson na Franklin Stahl, lililofanyika katika taasisi hiyo hiyo. Walakini katika neno la kukata na kuunga Delbrück alikuwa karibu na kweli kupita alivyoweza kujua, na kwa maoni yangu hakusifiwa vya kutosha kwa hilo.

Mambo yalizidi kuwa magumu mwaka 1963, John Cairns alipowalisha bakteria thaimidini yenye haidrojeni nururifu, akawapasua kwa upole mno, akaitandaza DNA yao juu ya utando mwembamba, akaifunika kwa dawa ya picha na kuiacha gizani kwa majuma mengi mpaka miale ikajichora yenyewe. Na picha zilipotoka, zilionyesha kwamba uzi wa bakteria hauna mwanzo wala mwisho, bali ni duara. Uzi wenye ncha unaweza angalau kuzunguka kwenye ncha zake na kuupunguza msokoto, lakini duara halina ncha ya kuzungusha. Cairns akalazimika kudhani kwamba mahali fulani katika duara hilo pana kiungo cha kuzungukia, na hapo akaliacha neno, kwa kuwa kiungo chenyewe hakuwa nacho mkononi.

Ufumbuzi ulianzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiutafuta. Pale Pasadena alikuwako mkemia aitwaye Jerome Vinograd, mtu aliyesomea tabia za vitu vinavyoelea katika vimiminika, aliyepitisha miaka katika maabara ya kampuni ya mafuta kabla ya kuingia chuoni, na ambaye pamoja na Meselson na Stahl alikuwa amebuni njia ya kuzipambanua DNA kwa msongamano wake ndani ya mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa. Mwenzake Roger Weil alikuwa akichunguza virusi vya polyoma, ambavyo huwatia panya uvimbe wa saratani, na ambavyo DNA yake ni pete ndogo ya jozi 5,300 hivi. Walipoitia DNA hiyo katika mashine na kuipiga picha ikishuka, walitazamia mkanda mmoja, kwa sababu virusi vyote vilikuwa vya aina moja na pete zake za urefu mmoja. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ilishuka mbio, kwa kipimo cha kasi ya kushuka cha 20. Sehemu nyingine ikaja nyuma yake taratibu, kwa kipimo cha 16. Herufi zilikuwa zile zile na uzito ule ule, lakini mwendo ulikuwa mbalimbali.

Kwanza walihukumu kwamba zile za mbio ndizo pete na zile za polepole ni pete zilizokatika zikawa nyuzi nyoofu, hukumu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeitoa, na ambayo haikuwa sahihi. Darubini ya elektroni ilipozitazama zile za polepole, nazo zilionekana kuwa pete. Fauka ya hayo, ilipotiwa chembe tu ya kimeng'enya kinachokata DNA, ilibainika kwamba jeraha moja, katika uzi mmoja kati ya zile mbili, latosha kuigeuza pete ya mbio kuwa ya polepole. Hapo ndipo pa kustaajabu, maana pete ya nyuzi mbili haifunguki kwa jeraha la uzi mmoja. Uzi wa pili bado umeshika. Basi kitu gani kilichopotea kwa jeraha hilo?

Vinograd na wenzake, Jacob Lebowitz, Roger Radloff, Robert Watson na Philip Laipis, walilijibu swali hilo mwaka 1965, na jibu lao baharia yeyote aliyewahi kusokota kamba ya usumba angelikubali papo hapo. Kamba ya nyuzi mbili ikipunguzwa mizunguko kadha wa kadha, kisha ncha zake zikaungwa kuwa pete, haitatulia ikilala wazi juu ya sitaha. Itajipinda na kujivuka yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu nyuzi zake zataka kurudia msokoto wake wa asili, na kwa kuwa njia ya kuupata ndani imefungwa, zautafuta nje, katika mwili wa kamba nzima. Pete iliyojipinda hivyo hukusanyika ikawa ndogo, nayo hupenya majini kwa wepesi kuliko iliyotanuka. Uzi mmoja ukipata jeraha, ncha yake iliyo huru huzunguka mwenziwe, upungufu wote hutoweka mara moja, na pete hulegea na kufunguka. Kilichopotea ni msokoto juu ya msokoto, na polyoma ilikuwa imeumbwa ikiwa na upungufu wa mizunguko.

Wanahisabati, kama ilivyo desturi yao, walikuwa wameanza kutengeneza chombo cha kuuhesabia msokoto huo kabla ya kuwapo mwenye haja nacho. Gheorghe Călugăreanu wa Rumania, yapata mwaka 1960, na baada yake James White mwaka 1969, walithibitisha kwamba idadi ya mara ambazo kingo mbili za utepe uliofungwa huzungukana ni namba kamili, na kwamba namba hiyo hugawika mafungu mawili, yaani msokoto wa nyuzi zenyewe na mapindo ya utepe mzima angani. Mafungu hayo huweza kubadilishana, moja likipungua jingine likaongezeka, lakini jumla yake haibadiliki maadamu hapajakatwa kitu. Brock Fuller, mwanahisabati wa Pasadena, akaileta handasa hiyo mwaka 1971 mpaka mlangoni pa wataalamu wa DNA. Sentensi moja iliyomo ndani yake ndiyo iliyotawala kila kilichofuata, nayo ni hii: hakuna awezaye kuigeuza jumla ile pasipo kukata.

Upungufu wenyewe ulipimwa kwa msaada wa rangi ambayo wafugaji wa Afrika waliijua kwa kazi nyingine kabisa. Ethidiamu bromaidi, au homidiamu kama ilivyoitwa na madaktari wa mifugo, ilikuwa dawa ya kuwadunga ng'ombe walioshikwa na nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Chembe zake ni bapa, nazo hujipenyeza katikati ya jozi za besi na kuusokotoa uzi kidogo kidogo. Mwaka 1967 Lionel Crawford na Michael Waring huko Uingereza na Uskoti, na Radloff, William Bauer na Vinograd kule Pasadena, waliiongeza rangi hiyo kwa kiasi kidogo kidogo katika DNA ya pete. Waliotazama mwendo wa pete waliuona ukipungua kadiri rangi ilivyozidi, mpaka ukafika chini kabisa. Kisha rangi ikizidi tena, mwendo ukapanda upya. Maana yake ni bayana: rangi iliufuta upungufu wa asili, ikaifikisha pete katika utulivu, halafu ikaitia kasoro ya upande wa pili, pete ikajipinda kinyume. Kutokana na kiasi cha rangi kilichohitajika kufikia utulivu iliwezekana kuhesabu upungufu wa mwanzo, na katika pete nyingi za asili ulikuwa karibu asilimia 6, yaani kasoro ya mzunguko mmoja kwa kila mizunguko 17 hivi.

Kiungo cha Cairns kilipatikana mwaka 1971, na aliyekipata ni James Wang, mzaliwa wa China aliyelelewa Taiwan, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Berkeley. Aliona kwamba katika maji yaliyotolewa ndani ya E. coli mna protini inayoziondolea pete upungufu wake bila ya kuacha jeraha lolote, akaiita omega. Haikuhitaji nishati kutoka nje, kwa sababu omega huikata DNA kwa kujifunga yenyewe na ncha iliyokatwa, na kifungo hicho huitunza nishati ya kiungo cha zamani mpaka wakati wa kukirudisha. Mwaka uliofuata James Champoux na Renato Dulbecco wakapata kimeng'enya cha jamii hiyo katika seli za panya. Fikra ya Delbrück ya kukata na kuunga ikawa sasa ina mwili.

Lakini omega huondoa upungufu. Ni nani basi anayeutia? Swali hili lilifumbuliwa katika Taasisi za Taifa za Afya huko Bethesda, Maryland, na kwa njia ya pembeni. Howard Nash na Kiyoshi Mizuuchi walikuwa wakichunguza namna virusi viitwavyo lambda vinavyojichomeka katika kromosomu ya bakteria, na walikuwa wamefaulu kulifanyiza tendo hilo katika chupa. DNA ya virusi ikiwa na msokoto pungufu, tendo lilikwenda lenyewe. Ikiwa imetulia, halikwenda mpaka pawepo maji ya seli pamoja na ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ya seli zote. Kwa hiyo katika maji yale mlikuwa na kitu kilichokuwa kikiichukua pete tulivu na kuipunguzia mizunguko, tena kwa gharama. Martin Gellert, pamoja na Mizuuchi, Mary O'Dea na Nash, walikitenga kitu hicho wakakitangaza mwaka 1976 kwa jina la jairesi.

Kazi ya jairesi inaweza kuonekana kwa macho, kwa njia iliyoanzishwa na Walter Keller mwaka 1975. DNA ya pete huwekwa katika kitalu cha agarosi na kuvutwa kwa umeme. Zilizojipinda zaidi hutangulia, zilizotulia hubaki nyuma, na kitalu kikiloweshwa ethidiamu na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, kila kundi huwaka rangi ya machungwa katika mstari wake. Mistari hiyo hupangana ikifuatana, na kila mstari hutofautiana na jirani yake kwa mzunguko mmoja kamili, ile namba ya Călugăreanu isiyokubali sehemu, sasa ikisomeka kwa kidole. Ukitia jairesi na ATP katika pete tulivu, mistari huhama mmoja baada ya mwingine kuelekea mbele. Baadaye ilidhihirika kwamba kimeng'enya hiki hukata nyuzi zote mbili kwa pamoja, hupitisha sehemu nyingine ya duara lile lile katikati ya mwanya, kisha huufunga mwanya, na ndiyo maana hubadilisha hesabu kwa mizunguko miwili kila hatua. Seli imekabidhi urithi wake wote kwa tendo hilo, nalo hufanyika maelfu ya mara bila ya msiba.

Msiba hutokea pale mtu anapoliingilia. Mwaka 1962, katika maabara za kampuni ya Sterling-Winthrop huko Marekani, George Lesher na wenzake walikuwa wamepata asidi ya nalidiksiki kutokana na kitu kilichojitokeza pembeni wakati wa kutengeneza klorokwini, ile dawa ya malaria ambayo watu wa nchi zetu wameimeza kwa vizazi. Asidi hiyo iliwaua bakteria, ikatumika kwa maradhi ya njia ya mkojo, na katika nchi za Maziwa Makuu ikatumika kwa kuhara damu mpaka vimelea vikaizoea. Lakini namna inavyoua haikujulikana kwa miaka kumi na mitano. Mwaka 1977 ilibainika kwamba huishika jairesi katikati ya kazi, nyuzi zikiwa zimekatwa na bado hazijaungwa. Siprofloksasini, ambayo leo haikosekani katika duka la dawa lolote kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, ni kitukuu cha asidi ile, na hufanya kazi ile ile.

Mpaka hapa mwenye kusoma angeweza kudhani kwamba habari hii yote ni ya ufundi wa kamba tu, yaani namna seli inavyojiepusha na matata. Kumbe bakteria walikuwa wamekwisha kuligeuza tatizo hilo kuwa njia ya kuamrisha. Jeni haisomwi mpaka polimeresi, kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, kizifumbue jozi kumi na kadhaa mwanzoni mwa jeni, na kufumbua ni kusokotoa. DNA yenye upungufu wa mizunguko imekwisha kulipa sehemu ya gharama hiyo, na kwa hiyo hufumbuka kwa urahisi. Jeni mbili zenye herufi zile zile zaweza basi kutofautiana, moja ikisema na nyingine ikinyamaza, kwa sababu ya hali ya msokoto peke yake.

Dalili ya kwanza ilikuwa imelala katika vitabu tangu mwaka 1963. Katika bakteria Salmonella typhimurium palikuwa na kasoro iliyopewa jina la leu-500, herufi moja tu iliyogeuka mwanzoni mwa jeni za kutengenezea leusini, hata bakteria huyo akawa hawezi kuishi pasipo kulishwa leusini hiyo. Mukai na Margolin waligundua kwamba kasoro nyingine, iliyo mbali katika kromosomu, mahali walipopaita supX, humponya. Namna gani kuharibika mahali pawili kunazaa uzima, hakuna aliyejua kwa karibu miaka ishirini, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipoonekana kwamba supX si kitu kingine ila jeni ya omega ya Wang. Omega ikiondoka, upungufu wa mizunguko huzidi, na mwanzo wa jeni uliokuwa mzito kufumbuka ukafumbuka.

Karibu na wakati huo mambo mengine yakafuata kwa haraka. Mwaka 1982 makundi mawili yalionyesha kwamba E. coli asiye na omega huishi kwa sababu amepata kasoro ya pili inayoidhoofisha jairesi yake, na mwaka 1983 Rolf Menzel na Gellert wakaonyesha kwamba jeni za jairesi huamka pale upungufu unapopotea, kinyume cha jeni nyingi, hivi kwamba msokoto hujisimamia wenyewe. Mwaka 1988 Christopher Higgins, Charles Dorman na wenzao walieleza kwamba Salmonella akitiwa katika maji ya chumvi nyingi, upungufu wa DNA yake huongezeka, na jeni iitwayo proU, ya kuingizia vitu vya kumkinga na ukavu, huamka pamoja nao. Kiumbe kisicho na macho wala masikio huyapima mazingira yake kwa hali ya uzi wake.

Hata hivyo palibaki kitendawili. Daniel Lockshon na Morris waliona mwaka 1983 kwamba pete ndogo iitwayo pBR322, jairesi ikizuiwa, haitulii tu bali hupata msokoto wa kuzidi. Na mwaka 1986 Gail Pruss na Karl Drlica waliona kwamba pete hiyo hiyo, omega ikikosekana, hupata upungufu mkubwa kupita kiasi, almuradi jeni yake ya kuhimili dawa ya tetrasaiklini iwe inasomwa. Ni nguvu gani inayozaa kuzidi na kupungua katika pete moja?

Jibu la Leroy Liu na Wang, lililochapwa mwaka 1987, ni katika mawazo mepesi na mazuri kabisa ya elimu hii, na mtu hulisoma akajiuliza ilikuwaje lisiwazwe mapema. Polimeresi inapokwenda mbele, sharti ama izunguke uzi, ama uzi uzunguke ndani yake. Kuzunguka kwake ni shida, kwa sababu inaburura RNA ndefu, na katika bakteria RNA hiyo imekwisha kupandwa na ribosomu zinazotengeneza protini, na protini yenyewe, kama ile ya tetrasaiklini, pengine imekwisha kujichomeka katika utando wa seli. Basi polimeresi husimama na DNA huzunguka. Mbele yake mizunguko husongamana ikazidi, na nyuma yake hupungua, mmoja kwa mmoja, kwa kila jozi kumi zinazosomwa. Kwa kuwa polimeresi ya E. coli husoma herufi 40 hadi 50 kwa sekunde, mizunguko minne au mitano huzidi mbele na minne au mitano hupungua nyuma kila sekunde. Jairesi huondoa ule wa mbele na omega ule wa nyuma. Ukimzuia mmoja wao, kazi ya mwenziwe hubaki peke yake, na pete huelemea upande mmoja. Vitendawili vya 1983 na 1986 vikafumbuka kwa pamoja.

Vilevile ikafahamika kwa nini leu-500, ilipohamishiwa katika pete ndogo na omega ikaondolewa, ilikataa kuamka kinyume cha matarajio. David Lilley na wenzake huko Dundee waliona mwaka 1992 kwamba huamka iwapo tu jeni ya jirani, inayotazama upande wa pili, inasomwa na kutafsiriwa. Upungufu unaoachwa nyuma na polimeresi ya jirani ndio unaoifumbua. Jeni moja yaweza kumwamsha mwenziwe bila ya kumpelekea mjumbe yeyote, kwa mvuto wa uzi tu. Mimi naona kwamba hapa ndipo historia hii ilipogeuka, kwa sababu tangu hapo msokoto haukuwa tena hali ya kromosomu nzima peke yake, bali tukio la mahali na la muda.

Katika wanyama na mimea shauri lina pazia zaidi, kwa kuwa DNA yao imezungushiwa protini za histoni, jozi 147 kwa kila kifurushi, karibu mara moja na theluthi mbili, na vifurushi hivyo huushika upungufu usisambae. Wengi walitilia shaka kwamba msokoto ungekuwa na athari huko. Ushahidi ulitoka kwa jeni yenye nasaba na Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya katika watoto wa Kiafrika, na mwaka 1982 ilijulikana kwamba katika saratani hiyo jeni iitwayo c-myc, ya kuamrisha ukuaji wa seli, huhamishwa kutoka kromosomu ya 8, aghalabu kwenda ya 14, ikawekwa chini ya amri isiyo yake. Jeni hiyo ilichunguzwa kwa miaka mingi na David Levens na wenzake huko Bethesda, nao waligundua kwamba kiasi cha jozi 1,500 hivi kabla ya mwanzo wake pana kipande ambacho hufumbuka jeni inaposomwa. Upungufu unaoachwa nyuma na polimeresi husafiri hadi hapo. Kipande kikifumbuka, protini moja hukishika na kuitia jeni nguvu, lakini usomaji ukizidi na kipande kikazidi kufumbuka, protini ya pili huingia na kuipunguza. Jeni hupima mwendo wake yenyewe, kwa msokoto inaouzaa yenyewe.

Mwaka 2013 Fedor Kouzine, Levens na wenzao walitumia soraleni, kemikali inayojifunga kwa urahisi zaidi na DNA yenye upungufu pale inapomulikwa, wakachora ramani ya msokoto katika seli hai za saratani ya Burkitt. Waliukuta upungufu ukienea kiasi cha jozi 1,500 nyuma ya mianzo ya jeni zinazosomwa, umbali ule ule unaofikia kipande cha c-myc. Na waliona kwamba jeni zinazosomwa kwa kiasi zatosheka na kimeng'enya cha kukata na kuunga kiitwacho topoisomeresi ya kwanza, jamaa ya kile cha Champoux na Dulbecco, ambapo zile zinazosomwa kwa wingi haziwezi kuendelea mpaka ije na ya pili, ile inayokata nyuzi zote mbili.